Rimoti iliyowasha inveta lakini haikuweza kuizima: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Nyumba inayohusika haijaunganishwa na gridi. Ina paneli za sola, betri mbili za risasi na asidi za volti 12, kila moja ya ampea-saa 200, zilizofungwa mfululizo kupata volti 24, na inveta ya wati 3,000, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa vifaa vya nyumbani. Mitambo yote imo katika kibanda cha matofali nyuma ya ua, mita arobaini hivi kutoka mlango wa jikoni. Kibanda kilijengwa mbali kwa sababu ya maana: betri za aina hii hutoa gesi ya haidrojeni zikichajiwa, na feni ya inveta ina sauti ya kuudhi usiku. Majina, mahali na chapa za vifaa nimeviondoa.

Mwenye nyumba ni mama mtu mzima anayeishi na wajukuu. Matumizi yao ni taa za LED, redio, kuchaji simu, runinga jioni, na pampu ya maji mchana jua linapokuwa kali. Friji hawana. Hilo ni muhimu kulisema mapema, maana penye friji inveta haizimwi, na rimoti ninayoieleza hapa isingekuwa na kazi.

Malalamiko yalikuwa kwamba betri haziamki na nguvu. Kukipambazuka inveta hulia king'ora cha betri kushuka, na siku ya mawingu umeme hukatika kabla ya saa mbili usiku. Mama alishaamini kwamba betri zimezeeka na alikuwa anajipanga kununua nyingine.

Kabla ya kugusa chochote tulizima kila kifaa ndani ya nyumba, tukaacha inveta peke yake ikiwa imewashwa, kisha tukapima waya wa betri kwa mita ya kubana inayosoma mkondo wa DC, yaani umeme wa betri unaokwenda upande mmoja tu. Ilisoma ampea 1.2 kwenye volti 25, yaani wati 30 zinazoliwa na inveta ikiwa haifanyi kazi yoyote. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 720. Betri zote mbili zikiwa mpya zinabeba wati-saa 4,800, na betri ya risasi ikitakiwa idumu haishushwi chini ya nusu, kwa hiyo za kutumia ni 2,400. Karibu theluthi moja ya akiba halisi ya nyumba ilikuwa inaishia kwenye inveta inayosubiri.

Kwa nini hawakuizima usiku? Ukizima inveta ukiwa kibandani, umejizimia na taa ya ua, halafu unarudi mita arobaini gizani, pengine mvua inanyesha. Kwa mama wa umri wake uamuzi wa kuiacha iwake ulikuwa wa busara. Fundi aliyewaambia tu "muwe mnazima" hakuwa amewasaidia kitu.

Kilichokuwa kimejaribiwa

Tulikuta kibandani mabaki ya jaribio la awali. Fundi mwingine alikuwa amekata waya mkubwa chanya kati ya betri na inveta, akaweka rilei kubwa ya gari ya ampea 100 (swichi inayovutwa na sumaku ya koili ikipewa umeme), na koili ya rilei hiyo akaiendesha kwa kipokezi kidogo cha rimoti. Ilifanya kazi kwa muda, kisha ikawa haizimi tena. Tulipoifungua, pointi zake, yaani vipande vya metali vinavyogusana kupitisha umeme, zilikuwa zimegandana.

Pale umeme wa betri unapoingia kwenye inveta yoyote ya ukubwa huu kuna kapasita kubwa, vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme. Zikiwa tupu na ukaziunganisha ghafla na betri, kwa muda mfupi sana hakuna kinachouzuia mkondo isipokuwa waya wenyewe, na hufika mamia ya ampea hata kama nyumba nzima imezimwa. Pointi zinagusana katikati ya cheche hiyo, zinayeyuka kidogo, na siku moja zinashikana moja kwa moja. Hata wakati wa kukata kuna tatizo: mkondo wa DC hauna nukta ya sifuri kama wa AC, ambao hugeuza mwelekeo kila mara, kwa hiyo cheche yake haijizimi kwa urahisi. Na inveta ya wati 3,000 ikibeba mzigo wote kwenye volti 24 inavuta zaidi ya ampea 125, juu ya uwezo wa rilei ile.

Kuna jambo jingine ambalo halikuonekana kwa macho. Koili ya rilei ile ilikuwa ikila karibu nusu ampea muda wote inveta ikiwa imewashwa. Dawa ilikuwa na ugonjwa uleule.

Tuliiondoa, tukarudisha waya mzima wenye fyuzi yake karibu na betri. Kuanzia hapo tulikubaliana kwamba waya mkubwa hauguswi. Inveta itaamrishwa izime yenyewe kupitia mlango wake wa amri, yaani sehemu yake ndogo ya kupokea amri ya kuwaka au kuzima.

Njia zilizofikiriwa

Njia niliyoipenda zaidi ni waya. Waya mwembamba wa nyuzi mbili, swichi ya kawaida jikoni, basi. Swichi ya namna hiyo haina msimbo (namba ya siri inayotumwa na rimoti) wala betri ndogo ya kubadilisha, na ukiitazama unajua imekaa upande gani. Popote panapochimbika ningeishauri kabla ya rimoti yoyote. Hapa ua umemiminwa zege kuanzia jikoni hadi kibandani. Waya wa kupita juu kwa mita arobaini ungekuwa mtego wa msukosuko wa radi, na msukosuko huo ungeingia moja kwa moja kwenye sehemu nyeti kabisa ya inveta. Tukaiacha.

Mjukuu mkubwa alipendekeza swichi ya Wi-Fi inayoendeshwa kwa simu. Wazo zuri, ila ruta inapata umeme kutoka inveta hiyohiyo. Ukishazima, ruta imekufa, na simu haina tena njia ya kuiwasha. Ingewezekana kuipa ruta umeme wa betri moja kwa moja, lakini ruta nayo hula wati kadhaa usiku kucha, na hizo wati ndizo tulizokuwa tunazifukuza.

Inveta yenyewe ilikuwa na hali ya kubana matumizi, ambapo hulala na kuamka kila baada ya sekunde chache kuangalia kama kuna mzigo. Tuliijaribu palepale. Taa moja ya LED ya wati 7 ilikuwa ndogo mno kwake kuitambua, kwa hiyo ilikuwa inameremeta na kuzimika, kuwaka na kuzimika. Haivumiliki.

Ikabaki rimoti ya redio ya masafa ya 433 MHz, ya aina ileile inayofungua mageti.

Ufungaji na sababu za kila uamuzi

Nyuma ya inveta kulikuwa na skrubu mbili ndogo zilizounganishwa kiwandani kwa kipande kifupi cha waya. Kipande kikiwepo inveta inawaka, kikiondolewa inazima. Mlango wa amri ndio huo. Lakini milango hii haifanani: kuna inveta zinazotaka pointi mbili ziguse tu, kuna zinazotaka volti ya betri iletwe, na kuna zenye tundu kama la simu ya mezani linalotaka kubonyezwa na kuachiwa. Kuipachika volti 12 kwenye mlango usioitarajia kunaweza kuua ubao wa inveta. Tulipima kwanza: skrubu zikiwa wazi kulikuwa na volti 5 hivi kati yake, na zilipounganishwa mkondo haukufika miliampea 10. Hapo ikawa wazi kwamba inahitajika pointi tupu, isiyoleta umeme wake.

Kiasi hicho kidogo cha mkondo kilituletea jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Rilei za ampea 10 zilizomo kwenye vipokezi vya rimoti zimeundwa kukata mizigo mikubwa. Pointi zao hufanya utando mwembamba wa kutu, na mkondo mkubwa ndio unaoutoboa. Watengenezaji wa baadhi ya rilei hizo hutaja kiwango cha chini cha karibu miliampea 100. Kwa mkondo wetu wa chini ya miliampea 10, pointi ingeweza kufanya kazi mwaka mzima kisha ikaanza kukataa bila sababu inayoonekana. Tukaongeza rilei ndogo ya mawasiliano yenye pointi zilizopakwa dhahabu. Ya kipokezi ikaendesha koili yake, na yenyewe ikagusa skrubu za inveta.

Kipokezi kilikuwa na namna tatu za kupangwa: kushika kwa muda unaobonyeza, kugeuza hali kwa kitufe kimoja, au kitufe kimoja cha kuwasha na kingine cha kuzima. Tulichagua ya mwisho. Kitufe kimoja kinachogeuza hali kinakulazimu ujue inveta iko vipi kabla ya kubonyeza, na mtu aliye mita arobaini kutoka kibandani hajui. Akibonyeza mara mbili kwa wasiwasi, amerudi alikoanzia. Kitufe cha kuzima kinachozima tu unaweza kukibonyeza hata mara kumi bila madhara.

Tulichukua aina ambayo msimbo wake hubadilika kila ukibonyeza, na ambayo umeme wake ukikatika na kurudi, hurudi ikiwa imezima. Hili la pili lina uzito kuliko la kwanza. Fundi anayebadilisha betri akifunga skrubu ya mwisho hatakiwi kushtukia inveta imejiwasha.

Umeme wa kipokezi ulikuwa volti 12, na betri ni za volti 24. Kishawishi ni kuchukua volti 12 katikati, kwenye betri moja. Usifanye hivyo. Betri moja itatolewa zaidi ya mwenzake kila siku, zitachajiwa pamoja kana kwamba zinalingana, na iliyodhoofika itaburuta nyingine. Tulichukua volti 24 nzima, tukaweka fyuzi ya ampea 1 karibu na betri, na kishusha volti kidogo cha kisasa cha aina ya kukatakata mkondo.

Mfululizo na pointi ya rilei tuliweka swichi ya fundi: swichi ndogo ukutani kando ya inveta. Ikiwa imezimwa, rimoti haiwezi kuwasha chochote.

Inawasha, haizimi

Majaribio ya alasiri yalikwenda vizuri. Kutoka mlango wa jikoni, inveta iliwaka kila mara. Jioni mama akapiga simu: "Fundi, kuwasha inawasha. Kuzima haitaki mpaka niifuate kibandani."

Shaka ya kwanza ya kila mtu ni betri ya rimoti. Lakini rimoti ileile, mkono uleule, mlango uleule, ilikuwa inawasha. Tulibadilisha maana za vitufe, cha kuwasha kikawa cha kuzima. Hali ikabaki ilivyo: kuwasha kulikubali, kuzima kukakataa. Kwa hiyo kitufe hakikuwa na kosa. Kilichotofautiana ni hali ya inveta yenyewe wakati amri inapofika.

Tukakitoa kipokezi kwenye saketi, tukakilisha kwa betri ndogo ya pekee, na tukatazama taa yake ya ishara huku mjukuu akitembea na rimoti uani. Inveta ikiwa imezimwa, kipokezi kilisikia kutoka jikoni na mbele zaidi. Inveta ikiwaka, usikivu ulishuka hadi karibu mita kumi.

Inveta hukata na kuunganisha mkondo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, kwa kingo kali, na kingo hizo hutawanya kelele ya redio inayopanda hadi masafa ya rimoti. Kipokezi kilikuwa ukutani nusu mita kutoka kwake. Ni kama kumwita mtu aliyesimama kando ya mashine ya kusaga: mashine ikiwa kimya anakusikia kutoka mbali, ikinguruma hakusikii hata ukipaza sauti. Na amri ya kuwasha siku zote hufika mashine ikiwa kimya. Amri ya kuzima siku zote hufika ikinguruma. Ndiyo maana majaribio ya alasiri, yaliyolenga kuwasha, yalionekana safi.

Tulikisogeza kipokezi mita tatu, hadi upande wa pili wa ukuta chini ya mapaa, kikiwa bado kwenye betri yake ya pekee. Usikivu ulirudi karibu wote. Kisha tukakirudisha kwenye umeme wa kishusha volti, ukashuka tena, ingawa si kwa kiasi cha mwanzo. Kelele ilikuwa na njia mbili basi, hewani na kwenye waya, na kishusha volti chenyewe kilikuwa kikichangia, kwa kuwa nacho hukatakata mkondo vilevile.

Marekebisho yalikuwa haya. Kipokezi kilibaki nje chini ya mapaa, ndani ya boksi la plastiki lisiloingiza maji. Boksi la chuma lingeifunga redio ndani. Antena iliwekwa wima na kunyooka, sentimita 17.3, ambayo ni robo ya urefu wa wimbi la 433.92 MHz; ilitoka kiwandani ikiwa imekunjwa kama springi. Rilei ndogo ilibaki kibandani karibu na inveta, na waya zinazotoka kwenye kipokezi kwenda kwake zilisokotwa pamoja na kupitishwa kwenye pete za feraiti, zinazozuia kelele ya redio isipite kwenye waya. Kishusha volti cha kukatakata kilitolewa, kikawekwa kirekebishi cha kawaida cha kupoteza volti kwa joto. Kwa mzigo mkubwa hicho ni uharibifu, lakini hapa mkondo ni karibu miliampea 13 kipokezi kikisubiri na karibu 50 rilei ikishika. Katika kusubiri kwa siku nzima matumizi hayo hayafiki wati-saa 10, ukilinganisha na zile 720.

Safari hii tulijaribu kuzima tu. Pampu ikivuta, runinga ikiwaka, mlango wa jikoni umefungwa, rimoti mfukoni mwa koti. Ilizima.

Matokeo

Inveta sasa inafanya kazi saa nane hivi kwa siku, na saa kumi na sita zilizobaki zinaokoa takriban wati-saa 480. Volti za alfajiri, zilizokuwa zikishuka hadi 24.1, zilipanda hadi 24.5. Ongezeko hilo limezidi akiba ya usiku mmoja, na sababu ni kwamba betri zisipoanza siku zikiwa chini sana, paneli zinawahi kuzijaza kabisa kabla ya jua kutua. Betri ya risasi isiyojazwa mara kwa mara hujenga ukoko wa salfeti kwenye sahani zake, na mwendo huo ndio ungeziua. King'ora cha alfajiri hakijasikika tena. Betri mpya hazikununuliwa.

Tatizo moja lilijitokeza baadaye. Usiku fulani nyumba ilikuwa giza na mama akalala akijua amezima. Kumbe fyuzi ya kujikata ya nyumba ndiyo iliyokuwa imeruka, na inveta iliendelea kuwaka hadi asubuhi. Giza ndani ya nyumba si ushahidi kwamba inveta imelala. Tuliongeza taa ndogo ya ishara kwenye ukuta wa nje wa kibanda, imeunganishwa na mdomo wa inveta, pale umeme wa nyumba unapotokea, kabla ya fyuzi hiyo lakini ikiwa na fyuzi yake ndogo, na inaonekana kutoka dirisha la jikoni. Mama huitazama anapobonyeza.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni kipimo cha ampea 1.2. Bila hicho zingenunuliwa betri mpya na zingeharibika vilevile. Kuacha waya mkubwa na kutumia mlango wa amri nako kuliondoa hatari ya cheche kila inapowashwa na kuzimwa. Kipokezi cha bei ndogo kinaamrisha mkondo wa miliampea badala ya kupambana na mamia ya ampea.

Kilichoshindwa ni mpangilio wa majaribio. Rimoti ya inveta hununuliwa ili izime, na kuzima ndiyo amri inayosafiri katika mazingira mabaya zaidi. Kuijaribu kwa kuwasha ni kupima upande ambao hautaleta shida. Hata kuizima inveta isiyo na mzigo hakutoshi, kwa kuwa kelele huongezeka mzigo ukipanda. Jaribio la kuaminika ni kuzima kutoka sehemu ya mbali zaidi atakayosimama mtumiaji, pampu ikivuta, na rimoti ikiwa mahali inapokaa kweli. Betri ya rimoti ikianza kuchoka, dalili itakuwa hiyohiyo: kuzima kutagoma kabla ya kuwasha, na familia imeshaambiwa hivyo.

Nafasi ya taa ya ishara nayo ingepaswa kuwa kwenye mchoro tangu mwanzo. Swichi ya ukutani inaonyesha imekaa upande gani. Rimoti haionyeshi kitu, na taa yake inayomulika ukibonyeza inasema tu kwamba imetuma.

Kuhusu usalama, swichi ya fundi inazuia rimoti isiwashe, lakini haifanyi inveta kuwa salama kuguswa. Anayefungua inveta au kugusa nyaya zake anatenganisha paneli kwanza, kisha anatenganisha waya mkubwa wa betri, na anasubiri dakika kadhaa kapasita zipungue huku akipima kwa mita. Rimoti huwa mfukoni mwa mtu asiyemwona fundi. Pale kibandani tumebandika karatasi yenye hatua hizo kwa mfuatano, juu kidogo ya swichi, na rimoti ya pili imewekwa kwenye bahasha ndani ya kabati la mama, si kibandani, ili fundi yeyote atakayekuja alazimike kwanza kuzungumza naye na kukusanya zote mbili.